NJIA YA MIGUU ISIWE NJIA YA MAJI

Somo juu ya njia za mwituni, za kando ya mabwawa, na za mabonde ya mito

Njia ya miguu ndiyo njia ya kwanza ya binadamu. Kabla ya kuwako reli na barabara za motakaa, watu walikwenda kwa miguu toka kijiji hata kijiji, na hata leo mahali pengi milimani hapana njia nyingine. Mtoto aendaye shuleni, mama aendaye kuteka maji, mchuma chai aendaye shambani, na mgonjwa achukuliwaye zahanatini, wote hupita njia hiyo. Siku hizi wako pia watu waendao kwa miguu kwa furaha tu, watazame miti, ndege na maporomoko ya maji.

Lakini wengi hudhani ya kuwa njia ya miguu hujitengeneza yenyewe kwa kukanyagwa, wala haihitaji akili wala kazi. Dhana hiyo si sawa. Katika somo hili twataka kueleza jinsi njia ya milimani inavyoharibika, jinsi ipasavyo kuitengeneza, na kwa nini uharibifu wa njia moja nyembamba waweza kuwadhuru watu wakaao mbali ambao hawajapata kuiona. Kwa mfano tutatwaa njia za Amani, maana huko mwitu, maji na watu vimekaribiana sana.

MAHALI PENYEWE

Amani iko katika milima ya Usambara ya Mashariki, Wilaya ya Muheza, Mkoa wa Tanga. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha huko kituo cha uchunguzi wa mimea na kilimo, wakapanda bustani kubwa ya miti iliyoletwa toka pande nyingi za dunia. Mwaka 1997 mwitu wa Amani ulitangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia, ya kwanza ya namna hiyo katika Tanzania. Ukubwa wake wapita hekta 8,000.

Mvua ya Amani ni nyingi, kadiri ya milimita 1,900 kwa mwaka. Sababu yake ni hii: pepo zitokazo Bahari ya Hindi zikifika milimani hupanda juu, hupoa, na mvuke uliomo hugeuka kuwa wingu na mvua. Mvua kubwa hunyesha wakati wa masika, toka Machi hata Mei, na nyingine wakati wa vuli, toka Oktoba hata Desemba.

Mgeni atokaye Muheza hufika kwanza Zigi, chini ya mlima. Hapo pana nyumba ya zamani iliyokuwa ya stesheni ya reli nyembamba ya Wajerumani, nayo sasa ni mahali pa kupokelea wageni wa hifadhi. Zigi iko kadiri ya mita 450 juu ya usawa wa bahari, na Amani yenyewe kadiri ya mita 900. Toka huko juu ziko njia za kwenda kilima cha Mbomole, ambako mtu huona nchi ya chini imetandazwa mbele yake, na za kwenda upande wa Kwamkoro, katikati ya miti mirefu na mashamba ya chai.

Mwitu huo una viumbe visivyopatikana kwa urahisi pengine. Liko ua dogo la rangi ya zambarau, ambalo Walter von Saint Paul-Illaire, mkubwa wa wilaya ya Tanga zamani za Wajerumani, alilipeleka Ulaya mwaka 1892. Mwaka uliofuata wataalamu walilipa jina la Saintpaulia kwa ajili yake, na leo hupandwa katika vyungu nyumbani mwa watu Ulaya na Marekani. Yuko kinyonga ambaye dume lake lina pembe tatu usoni. Yuko na chura mdogo sana, Nectophrynoides tornieri, asiyetaga mayai majini kama vyura wengine, bali huzaa watoto walio hai. Viumbe hivi vyote huishi kwa kivuli na unyevu. Kivuli kikiondoka, navyo huondoka.

ADUI WA NJIA

Ukimwuliza mtu ni nini kiharibucho njia, pengine atajibu, “Miguu ya watu.” Miguu huanza kazi, ni kweli, maana huondoa majani na kuushindilia udongo. Lakini aimalizaye kazi ni maji. Na tufanye hesabu ndogo, ili jambo hili lionekane wazi.

Chukua kipande cha njia chenye urefu wa mita 100 na upana wa mita 1. Eneo lake ni mita za mraba 100. Ikinyesha mvua ya milimita 50 kwa siku moja, jambo lisilo la ajabu wakati wa masika, maji yaangukayo juu ya kipande hicho peke yake ni lita 5,000, yaani madebe 250 ya lita 20. Udongo wa njia umeshindiliwa, kwa hiyo maji hayo mengi hayazami, hutelemka. Tena hatujahesabu bado maji yatokayo mlimani na kuingia njiani toka kando.

Basi ikiwa njia imenyoka toka juu hata chini, madebe hayo yote hutiririka pamoja, na kadiri yaendavyo ndivyo yazidivyo kasi. Maji ya polepole hubeba vumbi tu. Maji ya kasi hubeba mchanga, kisha kokoto, kisha mawe. Mwaka wa kwanza utaona mfereji wa kina cha kidole. Baada ya masika machache, mfereji hufika magotini. Hapo wapitaji huuacha, hukanyaga pembeni, na njia ya pili huanza, na ya tatu, hata mahali palipokuwa na njia ya mita 1 huwa na kidonda cha mita 5.

Lakini tukiyatoa maji njiani kila baada ya mita 20, kila mahali pa kutokea patapata madebe 50 tu badala ya 250, wala maji hayatapata nafasi ya kushika kasi. Haba na haba hujaza kibaba. Kadhalika haba na haba ikigawanywa mapema, kibaba hakijai. Hii ndiyo siri yote ya kazi ya njia, na mengine yote yatokana nayo.

NJIA YA MWITUNI

Kwanza, njia isipande mlima moja kwa moja, bali ipite ubavuni mwa mlima, ikipanda kidogo kidogo. Kipimo kifaacho ni kutozidi mita 10 za kupanda kwa kila mita 100 za kwenda. Tena mwinamo wa njia usizidi nusu ya mwinamo wa mlima wenyewe. Mlima ukipanda 12 kwa 100, njia isizidi 6 kwa 100. Mwinamo wa njia ukikaribia ule wa mlima, maji hayatavuka njia na kwenda zake, ila yatafuatana nayo.

Toka Zigi hata Amani ni kupanda kadiri ya mita 450. Kwa kipimo chetu, njia nzuri haiwezi kupungua mita 4,500 za urefu. Mtu akikata moja kwa moja kwa mwinamo wa 30 kwa 100, atakwenda mita 1,500 tu. Hapana ajabu basi kwamba mwenye haraka hutamani njia ya mkato! Lakini mkato huo ndio mfereji wa kesho.

Hata hivyo haifai kuwalaumu wapitaji peke yao. Wakiwa wengi wakatao mahali pamoja, yapasa fundi wa njia ajiulize kama amekosa. Mara nyingi kosa huwa kwenye pindo. Mtu akisimama juu na kuiona njia ya chini hatua kumi mbele yake, atashuka moja kwa moja. Pindo likiwekwa nyuma ya mwamba au shina kubwa, hata njia ya chini isionekane, wapitaji wataifuata bila kuambiwa.

Kipimo cha mwinamo kinaweza kufanywa na mtu yeyote kwa miti mitatu. Funga miti miwili mirefu kichwani, na wa tatu uukingamishe katikati, mfano wa herufi A, miguu yake ikiachana mita 2. Tundika uzi wenye jiwe toka kichwani. Kisimamishe chombo mahali palipo sawasawa, utie alama pale uzi unapogusa mti wa kukingama. Kisha fungia kigogo cha sentimita 20 chini ya mguu mmoja. Mguu wenye kigogo uweke upande wa chini, na ule mwingine upande wa kupandia. Uzi ukiangukia alama, mguu wa mbele umepanda sentimita 20 katika mita 2, yaani 10 kwa 100. Pigilia kijiti hapo. Halafu sogeza chombo mbele, mguu wenye kigogo ukae palipokuwa mguu wa mbele, upime tena. Ukitaka mwinamo mdogo zaidi, punguza kigogo.

Pili, uso wa njia ulale kidogo upande wa bondeni, sentimita 5 zatosha kwa njia ya mita 1, ili maji yavuke na kuanguka nje. Watu wengine huacha udongo waliochimba ukae kama ukingo upande wa bondeni, wakidhani wanazuia watu wasianguke. Ukingo huo huifanya njia kuwa mtaro, nao hauna budi kuondolewa.

Tatu, palipo na mteremko zaidi, weka matuta ya kutolea maji. Zika gogo au mawe kwa mshazari, si kwa kukata njia sawasawa, na mwisho wa chini utokeze nje ya njia. Tuta likiwekwa sawasawa bila mshazari, maji husimama nyuma yake, hutuamisha mchanga, kisha huruka juu.

Nne, njia isiwe pana kupita haja. Shauri hili lina maana kubwa Amani. Uko mti uitwao Maesopsis eminii, ambao asili yake si Usambara ya Mashariki. Uliletwa na watu, nao umeenea sana. Hondohondo hula matunda yake na kuangusha mbegu mbali. Mbegu hizo hupenda mahali penye mwanga. Mwitu ukiwa mzima na kivuli chake, miche yake hupata shida; mahali palipofyekwa wazi, hukua upesi na kuipita miti ya asili. Kwa hiyo mtu afyekaye njia ya mita 4 mahali pa mita 1 huwafungulia mlango wageni wasioalikwa. Wala majani makavu njiani yasifagiwe yote, maana huvunja nguvu ya matone ya mvua.

NJIA YA KANDO YA BWAWA

Mabwawa na vinamasi hupendeza wapitaji, kwa kuwa ndege na wanyama huja kunywa hapo. Lakini ukingo wa bwawa ni laini, na mimea ya ukingoni ndiyo ngome yake. Mafunjo na nyasi huyachuja maji yaingiayo, matope yakabaki nje. Wapitaji wakizunguka bwawa kwa kukanyaga ukingo, ngome hubomoka, maji hugeuka tope, na mayai ya vyura hufunikwa.

Basi njia ipite mbali kidogo, mahali pakavu, na pawepo mahali pamoja au pawili tu pa kuteremkia kutazama. Hapo pawekwe mawe ya kukanyagia, au daraja fupi la mbao lililoinuliwa juu ya tope. Matuta ya kutolea maji yasielekezwe bwawani; yaelekezwe penye majani mengi, ili maji yatue mchanga wake kwanza.

Tena pana jambo la afya. Katika mabwawa ya nchi za chini, ambako maji husimama na kuna joto, huwako konokono wadogo wabebao vijidudu vya kichocho. Vijidudu hivyo huingia mwilini kwa kupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini, hata asipokunywa. Kwa hiyo watoto wasivuke bwawa kwa kuogelea ili kufupisha safari, na njia njema ni ile isiyomlazimisha mtu kutia miguu majini.

NJIA YA BONDE LA MTO

Sasa tufuate maji hata mwisho wake. Vijito vya Amani huingia mto Zigi. Zigi hushuka nchi ya chini, huungana na Kihuhwi, hufika Bwawa la Mabayani, na humo ndimo yatokamo maji ya mabomba ya mji wa Tanga. Basi udongo uliochukuliwa na mvua toka njia ya mlimani hausemi, “Mimi ni wa mlimani, nitakaa huku.” Hutelemka pamoja na maji hata bwawani, na hapo hutua. Kila pakacha la matope litualo chini ya bwawa hutwaa nafasi ya maji, na maji machafu hutaka gharama zaidi ya kuyasafisha. Mtu wa Tanga afunguaye bomba lake hamjui mtu wa Amani, wala huyu hamjui yule, lakini mto umewafanya majirani. Wakulima wa mabonde hayo wameufahamu ujirani huo, nao wana umoja wao wa kuhifadhi mazingira ya Kihuhwi na Zigi, uitwao UWAMAKIZI.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu za watu, na zile ziwezazo kudhuru hifadhi ya mazingira, katika mita 60 za kingo za mto, ziwa au bwawa. Njia ya miguu ifuatayo mto nayo yapasa ikae juu, mbali na ukingo, na kuteremka mtoni pale tu inapobidi kuvuka.

Mahali pa kuvukia pachaguliwe kwa akili. Mto uvukwe kwa kuukata sawasawa, mahali palipo na mwamba au kokoto ngumu. Toka pande zote mbili njia iteremke kuelekea kivuko. Maana ya shauri hili ni hii: mto ukifurika, maji yatapanda njiani kidogo na kurudi. Lakini njia ikiwa yateremka kutoka kivukoni kwenda upande mmoja, mto uliofurika utaifanya njia hiyo kuwa mkondo wake mpya.

Wapitaji nao wakumbuke kwamba mto wa milimani hujaa ghafula. Pengine hapo ulipo jua lawaka, na huko juu mvua kubwa inanyesha. Ukiona maji yamegeuka rangi, yanabeba majani na vijiti, au sauti yake imezidi, usivuke. Ngoja mahali pa juu. Mito mifupi ya milimani hujaa upesi na hupungua upesi, na saa chache za kungoja ni bora kuliko msiba.

ADABU ZA MPITAJI

Mgeni aendaye kutembea katika hifadhi alipe kiingilio na afuatane na kiongozi wa mahali hapo. Kiongozi ajua njia, ajua majina ya miti, na ujira wake huwa posho ya nyumba kijijini. Kijana apataye riziki kwa kuuonyesha mwitu hatataka kuuona umekatwa. Aanze safari asubuhi, maana giza huingia mwituni kabla jua halijatua. Avae viatu vishikavyo udongo, achukue maji ya kunywa, na asitie mkono mahali ambapo macho hayajaona, kwa kuwa nyoka hupenda kujilaza juu ya matawi na chini ya magogo. Maua ayatazame na kuyaacha. Akikuta tope njiani, apite katikati ya tope kama viatu vyaruhusu, wala asianzishe njia mpya pembeni. Tope la leo litakauka, bali njia ya pembeni haitafutika upesi.

KAZI YA KIJIJI

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ifaayo ni kazi ndogo kwa wakati wake. Mwezi wa Februari, kabla ya masika, na mwezi wa Septemba, kabla ya vuli, watu wapite njia nzima kwa majembe, wazibue matuta yaliyojaa mchanga na kuondoa ukingo ulioota upande wa bondeni. Katikati ya mvua, mtu mmoja apite akitazama maji yanakokwenda, maana mvua ndiyo mwalimu wa kweli. Huonyesha katika saa moja kosa ambalo wakati wa kiangazi halionekani. Baada ya mvua, mifereji midogo ijazwe mawe na matawi, na njia za mkato zifungwe kwa miti iliyoanguka.

Shule nazo zaweza kujifunza hesabu na jiografia kwa kazi hii. Walimu wakipenda, wawape wanafunzi maswali haya:

1. Njia yenu ya kwenda shuleni ina urefu gani, na upana gani? Mvua ya milimita 30 itaangusha juu yake madebe mangapi ya lita 20?

2. Kilima kina kimo cha mita 80. Kwa mwinamo wa 8 kwa 100, njia ya kufika kileleni itakuwa na urefu gani?

3. Maji ya mvua yaangukayo uwanjani penu hufika mto gani? Ni watu gani wanywao maji ya mto huo?

Mwanafunzi ajibuye swali la tatu kwa kwenda mwenyewe kuyafuata maji atakuwa amelifahamu somo hili lote.